Wengi Wape, Lakini Wape Nini?



Wahenga walisema: wengi wape. Ni maneno mawili tu, lakini katika nchi zetu za Afrika Mashariki ni nadra kuupata mkutano, uwe wa ukoo, wa chama cha ushirika au wa Bunge, ambao haujapata kumalizwa kwa maneno hayo. Mtu husimama akapinga, mwenyekiti huhesabu mikono, kisha hutamka wengi wape, na aliyepinga huketi. Usiku huu sikuja kuyakanusha maneno ya wahenga. Nimekuja na swali moja ambalo maneno hayo mawili hayakulijibu. Wengi wape, sawa. Lakini wape nini?

Swali hili sikufundishwa chuoni. Nililipata kazini, katika zaidi ya miaka thelathini ya kuvaa sare ya polisi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia Mbarara na Isingiro. Asiyeijua Isingiro aifikirie nchi ya vilima na migomba, yenye ng'ombe wa pembe ndefu, inayoteremka kusini mpaka mto Kagera, ambao ng'ambo yake ni Tanzania. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara hadi mwaka 2005 ilipofanywa wilaya yenyewe. Ndani yake liko ziwa Nakivale, na kando ya ziwa hilo yako makazi ya wakimbizi yenye jina hilohilo, ambayo ni miongoni mwa yale ya zamani kabisa katika bara letu la Afrika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa sajini katika kituo kidogo kisicho mbali na ziwa hilo. Tulikuwa askari tisa. Lindo lililochukiwa na wote lilikuwa la usiku upande wa ziwani. Mbu walikuwa wengi, baridi ya alfajiri ilikuwa kali, na usiku viboko hutoka majini kula majani, wala kiboko hamwombi mtu kitambulisho. Mkuu wetu wa kituo alikuwa mtu mwema, asiyependa kununiwa. Siku moja alitukusanya uwanjani akatuambia kwamba zama za kuamrishana zimepita, na kwamba ratiba ya lindo tutaipanga wenyewe kwa kura. Tulifurahi. Tukanyoosha mikono. Mikono saba ilisema kwamba lindo la ziwani liende kwa koplo mmoja na konstebo mmoja. Mikono miwili ilikataa, nayo ilikuwa ya hao hao wawili.

Koplo yule alitoka kaskazini ya nchi. Hakujua Kinyankole, alipika peke yake, na jioni alikaa peke yake. Konstebo alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu mwezi uleule, hajapata rafiki bado. Juma lililofuata tukapiga kura tena, ikawa saba kwa wawili. Mwezi wa pili, saba kwa wawili. Hakuna aliyeiba kura, hakuna aliyetishwa, na hesabu ilifanyika hadharani mchana kweupe. Laiti wangekuja waangalizi wa uchaguzi kutoka nchi za mbali, wangetuandikia taarifa nzuri.

Mwezi wa nne, wale wawili wakijiandaa kwenda lindoni, koplo alinijia akasimama wima kama ipasavyo. Akaniambia, "Afande, mimi sikatai lindo. Nauliza tu, kura hii itakwisha lini?"

Sikumjibu. Nilijifanya ninatafuta kitu mezani. Nami nilikuwa mmoja wa wale saba, na usiku ule nililala chini ya bati, katika blanketi langu, kwa haki kamili ya walio wengi.

Baadaye mkuu yule alihamishwa, akaja mwingine mkali wa sura. Siku ya kwanza aliiondoa ratiba yetu ukutani akaandika nyingine kwa kufuata namba zetu za kazi, kuanzia ndogo hadi kubwa, na jina lake mwenyewe akaliweka humo. Usiku wa tatu nilikuwa ziwani. Tulinung'unika kwamba ametunyang'anya demokrasia yetu. Ilinichukua miaka mingi kukiri kwamba yule mkali ndiye aliyeturudishia.

Ndugu wasikilizaji, yafaa ikumbukwe kwamba maneno haya, utawala wa walio wengi, yalikuwa maneno ya heshima kubwa katika redio zetu. Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1970 tuliyasikia kila jioni, na maana yake ilikuwa wazi. Kulikuwa na Rhodesia, ambako Ian Smith na walowezi wachache walijitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba, 1965, ili Waafrika walio wengi wasitawale nchi yao. Kulikuwa na Afrika Kusini ya makaburu. Watu walikufa wakiyadai maneno hayo, hata Zimbabwe ikapata uhuru tarehe 18 Aprili, 1980. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba ninawatetea wachache watawale. La hasha! Wengi wakinyimwa haki yao, nyumba haikaliki. Tazameni Zanzibar. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini kwa namna majimbo yalivyokatwa kikaambulia viti 13 kati ya 31. Wapinzani wake wakaunda serikali. Uhuru ulikuja Desemba, na tarehe 12 Januari, 1964, mapinduzi yakaja.

Hapa kwetu Uganda, uchaguzi wa Desemba 1980 ulimalizika kwa mabishano juu ya nani hasa alipata kura nyingi, baada ya mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, Paulo Muwanga, kujitwalia mwenyewe mamlaka ya kutangaza matokeo. Miezi miwili haikutimia, tarehe 6 Februari, 1981, risasi zikalia Kabamba. Basi kuhesabu kwa haki ni jambo la kwanza, na asiyeweza kulihakikisha hilo hana la kuzungumza juu ya mengine.

Lakini si jambo la mwisho. Ndiyo maana nawarudisha Nakivale.

Yale makazi yalifunguliwa kwa ajili ya nani? Yalifunguliwa mwishoni mwa utawala wa Waingereza, kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda kuanzia machafuko ya mwaka 1959. Na huko Rwanda kulitokea nini? Kulipigwa kura. Mnamo Septemba 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, wananchi wa Rwanda waliukataa ufalme kwa kiasi cha asilimia 80 ya kura, na chama cha Parmehutu kikapata viti 35 kati ya 44. Wengi walikuwa wengi kweli. Walikuwa wamekaa chini ya watemi na wakoloni muda mrefu bila kuulizwa neno, na ushindi wao haukuwa wa hila.

Kosa liliingia katika tafsiri. Wanasiasa wa siku zile walikuwa na msemo, rubanda nyamwinshi, yaani umma ulio mwingi, na kwa msemo huo hawakumaanisha watu wenye maoni yaliyoshinda safari hii na huenda yakashindwa safari ijayo. Walimaanisha Wahutu. Sasa, mtu anaweza kubadili maoni, anaweza kuhama chama, lakini hawezi kurudi tumboni mwa mama yake akazaliwa upya. Pale walio wengi wanapokuwa wengi kwa damu, uchaguzi unageuka sensa. Aliye mchache leo atakuwa mchache kesho na mtondo, na swali la yule koplo linakosa jibu: kura hii itakwisha lini?

Waliokosa jibu hilo walikuja kando ya ziwa Nakivale na mabonde ya jirani, Oruchinga na Nshungyezi, na miaka michache baada ya uhuru wa Rwanda idadi ya waliotawanyika katika nchi jirani ilikuwa imepita laki moja. Watoto wao walikulia huko Ankole. Tarehe 1 Oktoba, 1990, baadhi ya watoto hao, wakiwa sasa watu wazima waliofunzwa vita katika jeshi la Uganda, walivuka mpaka pale Kagitumba na bunduki. Yaliyofuata mnayajua, hadi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambayo waenezaji wake walihubiri redioni, katika chombo kama hiki ninachokitumia sasa, kwamba walio wengi wanajilinda. Kisha wakimbizi wengine wakatoka Rwanda, safari hii Wahutu, na baadhi yao wakajenga vibanda vyao palepale Nakivale, katika ardhi iliyowahi kulimwa na wale wa kwanza. Sijui mahali pengine ambapo udongo mmoja umewapokea walioshindwa wa pande zote mbili.

Isidhaniwe kuwa haya ni ya Rwanda tu. Ya kwetu Mbarara ndiyo yanayoniuma zaidi, kwa kuwa wenye sare walikuwamo.

Mnamo Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati ule, ulianza msako wa watu walioitwa Wanyarwanda. Wengine kati yao walikuwa wakimbizi wa 1959. Wengine walikuwa wamekuja zamani kutafuta kazi na malisho. Wengine walikuwa raia ambao babu zao walizaliwa ndani ya mipaka hii, na wakoloni walipochora mstari waliwakuta hapa. Lakini mchana ule hakuna aliyeuliza tofauti. Vijana wa chama kilichokuwa madarakani, wakiongozwa na viongozi wa mahali na kusaidiwa na askari, walipita nyumba kwa nyumba. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia, baadhi kuelekea Rwanda, ambako mpaka ulifungwa Novemba na wengine wakakwama kati ya nchi mbili, na baadhi wakaingia Nakivale na Oruchinga.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za siasa: kwamba watu hao waliwapigia kura wapinzani, kwamba waliwaunga mkono waasi. Sababu zisizotajwa zilikuwa na pembe na mkia, na zilionekana baadaye zikichunga katika mazizi ya majirani. Hebu fikirini raia wa Uganda anayefanywa mkimbizi katika wilaya yake mwenyewe, anasimama katika mstari wa kugawiwa posho umbali wa mwendo wa siku moja kutoka katika migomba aliyoipanda kwa mikono yake! Na waliomfukuza walisema kwa vinywa vyao kwamba wao ndio wenyeji, nao ni wengi.

Nilikuwa sijajiunga na polisi mwaka ule. Lakini niliwahi kufanya kazi pamoja na mzee mmoja aliyekuwako, akiwa konstebo wa cheo cha chini. Jioni moja nilimwuliza waliambiwa nini. Akanijibu kwamba hawakuambiwa wachome nyumba. Waliambiwa tu wasimame barabarani wasiwazuie wananchi. Nao walisimama. "Nilisimama vizuri sana," akasema, kisha hakutaka tena kulizungumza.

Ndugu zangu, kusimama ndiyo kazi yetu. Raia akituangalia haoni falsafa, huona mtu amesimama mahali fulani. Kwa hiyo swali langu la mwanzo, wengi wape nini, kwa mtu mwenye sare hugeuka kuwa swali la miguu: walio wengi wakishapewa chao, mimi nisimame wapi?

Wako waliodhani jibu ni rahisi: askari asimame pale penye kelele za watu wengi. Tarehe 25 Januari, 1971, Idi Amin alipotwaa serikali, umati wa watu ulijaa barabara za Kampala ukishangilia. Agosti 1972 alipowapa Waasia siku tisini waondoke, wengi walishangilia tena, na hata katika mji wa Mbarara maduka yalibadilisha wenyewe. Baada ya muda sukari na sabuni vikawa vitu vya kutafutwa kwa mbinu. Shangwe ya barabarani si kura, maana haina daftari wala hesabu, na aliyenyamaza nyumbani hakuhesabiwa. Wala askari hana ruhusa ya kujifanya ndiye sanduku la kura.

Na wako waliokosea kwa upande wa pili. Burundi ilipiga kura tarehe 1 Juni, 1993, Melchior Ndadaye akachaguliwa kuwa Rais kwa kiasi cha asilimia 65. Jeshi wakati ule lilikuwa mikononi mwa Watutsi, walio wachache nchini. Tarehe 21 Oktoba mwaka uleule, askari wa jeshi hilo walimwua. Walio wachache waliogopa kura isiyokwisha, wakaimaliza kwa risasi, na vita vilivyozuka vilidumu zaidi ya miaka kumi. Nakivale ikapokea Warundi.

Burundi hata hivyo ina funzo ambalo askari yeyote wa Afrika Mashariki angepaswa kulijua. Mazungumzo ya Arusha, yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere mpaka kifo chake mwaka 1999, na baadaye na Mzee Mandela, yalizaa mkataba uliotiwa sahihi tarehe 28 Agosti, 2000. Katika mkataba huo na katiba iliyofuata mwaka 2005, wengi walipewa wingi wao: asilimia 60 ya viti vya Bunge kwa Wahutu, na 40 kwa Watutsi. Lakini katika vikosi vya ulinzi na usalama iliamuliwa kwamba kabila lolote lisizidi nusu. Angalieni busara iliyomo. Sheria huweza kutungwa na walio wengi, lakini bunduki inayoilinda haikuachwa mikononi mwa upande mmoja. Watu waliokuwa wakiwindana porini waliwekwa katika bweni moja, wakala chungu kimoja, wakapewa koplo mmoja.

Sisemi kwamba dawa hiyo iliponya kila kitu. Machi 2014 serikali ya Burundi ilileta Bungeni muswada wa kubadili katiba, ikahitaji kura 85 kati ya 106, ikapata 84. Kura moja tu ilipungua! Mwaka uliofuata, Rais Nkurunziza alipogombea kipindi cha tatu, nchi ikatikisika, jaribio la kupindua serikali likafanyika mwezi Mei likashindwa, na Nakivale ikapokea Warundi tena. Lakini ni jambo la kuzingatia kwamba mwaka 2015 ugomvi ulikuwa wa siasa zaidi kuliko wa damu, na wataalamu wengi wanauhusisha ukweli huo na lile bweni la pamoja.

Nasi Waganda tunalo somo letu, ambalo kwa bahati halikugharimu damu. Tarehe 29 Juni, 2000, tuliulizwa kwa kura ya maoni kama tubaki katika mfumo wa Movement au turudi katika vyama vingi. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walisema tubaki. Tarehe 28 Julai, 2005, tukaulizwa tena kama vyama vifunguliwe. Zaidi ya asilimia 90 wakasema vifunguliwe. Watu walewale, nchi ileile, miaka mitano tu. Wako wanaocheka wakisema kwamba wananchi hufuata upepo, na kwamba mara zote mbili kiasi cha nusu ya wapiga kura walibaki nyumbani. Hilo la pili ni kweli. Lakini mimi huona jambo jingine. Aliyesimama na asilimia chini ya kumi mwaka 2000 akidai vyama vingi, mwaka 2005 alijikuta katikati ya umati. Lau askari angemvunja miguu mwaka 2000 kwa kuwa ni mmoja dhidi ya tisa, nani angeishi kuuona umati huo? Kura inakwisha pale tu aliyeshindwa anapobaki mzima, na shamba lake, na jina lake katika daftari.

Katiba yetu ya mwaka 1995 inalijua jambo hili. Inasema Rais hachaguliwi mpaka avuke nusu ya kura halali, ili wengi wapewe chao. Kisha inataja katika ibara ya 36 haki ya walio wachache kushiriki katika maamuzi, na katika ibara ya 44 inaorodhesha mambo ambayo hayapunguzwi kwa hali yoyote, kama vile kutoteswa na kusikilizwa kwa haki mahakamani. Mambo hayo hayapigiwi kura. Na kwa watu wa Mbarara kuna mstari mmoja mdogo ambao mgeni huupita bila kuuona: katika jedwali la tatu la Katiba, penye orodha ya jamii za wenyeji wa Uganda, Wanyarwanda wametajwa. Miaka kumi na mitatu baada ya moto wa 1982, waliofukuzwa kwa kuitwa wageni waliandikwa kitabuni kuwa wenyeji.

Kuhusu sisi, ibara ya 208 inataka jeshi lisilo na upande wa chama, lenye sura ya taifa zima, na lililo chini ya mamlaka ya raia. Jeshi lina wawakilishi kumi tu Bungeni, na Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 lilikuwa na wabunge zaidi ya mia tano. Humo ndani, maafande, sisi wenye bunduki ndio walio wachache. Ni somo zuri la unyenyekevu.

Mtu ataniuliza: je, askari apige kura juu ya amri? Hapana. Januari 1964 askari wa Tanganyika, kisha wa Jinja hapa kwetu, kisha wa Lanet nchini Kenya waliasi wakidai mishahara na vyeo kwa nguvu ya idadi yao na silaha zao, na Jinja walimshika hata waziri. Madai yao yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini njia yao ilituachia ugonjwa wa miaka mingi. Kambini hatuhesabu mikono, na kwa sababu hiyohiyo anayetoa amri anabeba mzigo wa kuwa mwadilifu zaidi ya mwenyekiti wa mkutano. Yule mkuu wetu wa kwanza aliutua mzigo huo akatukabidhi sisi saba. Yule mkali aliubeba mwenyewe.

Kabla sijamaliza niwasimulie siku moja zaidi ya kazi, iliyokuwa miongoni mwa siku zangu za mwisho.

Tarehe 10 Julai, 2018, nchi nzima ilichagua wenyeviti wa vijiji, wale tunaowaita LC 1, kwa kupanga mistari. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa ngazi hiyo tangu mwaka 2001. Wakimbizi hawahusiki na uchaguzi wa namna hii. Wao huchagua kamati zao wenyewe ndani ya makazi. Mimi nilipangiwa kijiji kimoja cha raia wa Isingiro, pamoja na konstebo mmoja kijana. Wagombea walikuwa wawili. Mnajua mstari ulivyo: hauna siri. Ndugu anamwona ndugu amesimama wapi, mwenye deni anamwona anayemdai. Mstari mmoja ulizunguka mti wa mwembe ukaenda mpaka penye njia. Mwingine ulikuwa na watu kumi na mmoja, na wa mbele yao alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo ya kuchungia.

Katika mstari mrefu kelele zikaanza. Mtu mmoja akapaza sauti, "Tumewaona!" Wengine wakacheka. Halikuwa tusi, lakini niliyekwisha kumsikiliza yule konstebo wa 1982 nilijua neno hilo linaweza kukua likawa nini. Kijana wangu alikuwa amesimama karibu na mstari mrefu. Nikamwita, nikamwonyesha penye wale kumi na mmoja.

"Afande, wale ni kumi na mmoja tu," akasema.

"Ndiyo maana," nikamwambia.

Akaenda akasimama kando ya mzee, mikono nyuma. Hakusema neno lolote. Kelele zilipungua kidogo kidogo mpaka tukaweza kusikia msimamizi akihesabu. Mstari mfupi uliisha haraka, mrefu ukachukua muda. Mshindi akatangazwa, watu wakamwinua mabegani, na wale kumi na mmoja wakashika njia kwenda kwao. Sisi nasi tulikuwa na safari ya upande huo, tukatembea nyuma yao polepole mpaka njia panda.

Majuma machache baadaye mzee yule alikuja kituoni akiwa na ng'ombe wa kuuza mnadani Mbarara. Kwa desturi, anayesafirisha mfugo huja na barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba mnyama ni wake. Nilimwomba barua. Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa yule mshindi, jina la mzee limetajwa kamili, rangi ya ng'ombe na alama ya sikio zimetajwa, na muhuri mpya wa kijiji umegongwa chini, wino wake bado mweusi. Nilimwuliza alilipa kiasi gani kwa barua ile.

"Kama watu wote," akanijibu, akaichukua barua yake, akamswaga ng'ombe wake barabarani.